Pima Kabla Hujasaidia: Mwongozo wa Utafiti kwa Afisa Ustawi wa Jamii

Majalada mengi ya mashauri niliyopitia yanaishia na sentensi moja: "Mteja amepewa unasihi na hali inaendelea vizuri." Vizuri kuliko lini? Ukirudi kurasa za mwanzo utakuta jina, umri, dini, jina la mwenyekiti wa mtaa, pengine hata ramani ya kufika nyumbani. Hali yenyewe ilivyokuwa siku ile ya kwanza, kwa kitu kinachohesabika, haipo. Basi hata kama kazi ilifanyika kwa moyo wote, hakuna awezaye kusema ilisaidia.

Mwongozo huu ni wa afisa wa Tanzania mwenye mashauri mengi kuliko siku za wiki, kompyuta ya kushirikiana na nauli ya bodaboda anayoijua yeye mwenyewe inatoka wapi. Hauhitaji programu ya takwimu. Unahitaji daftari, kalamu na ukaidi kidogo.

Hatua ya 1: Geuza malalamiko yawe swali

Anayeingia ofisini analeta malalamiko, na mara nyingi ameshayapa dawa. Chukua mfano huu. Hamisi ni mtoto niliyemuunda kwa kuchanganya mashauri kadhaa, ili asitambulike yeyote. Ana miaka 11, yuko darasa la nne, analelewa na bibi yake. Barua ya mwalimu mkuu inasema: "Ni mtoro sugu, anahitaji unasihi." Ugonjwa umetajwa, dawa imetajwa, wewe umebakiziwa kuchoma sindano tu.

Usiipokee hivyo. Swali linalofanyiwa kazi lina mambo manne: ni nani hasa, utafanya nini, ungefanya nini kama usingefanya hicho, na utaangalia badiliko gani ndani ya muda gani. Kwa Hamisi liliandikwa hivi: "Mtoto anayehudhuria siku tatu au pungufu kwa wiki, akifanyiwa ______ badala ya kuitwa na kuonywa kama ilivyozoeleka, atahudhuria siku ngapi kwa wiki ndani ya wiki nane?" Ile nafasi iache wazi kwanza. Ukiijaza mapema, kila utakachokiona baadaye kitafanana na ulichokwisha kukiamua.

Hatua ya 2: Chukua hali ya mwanzo

Kama una muda wa hatua moja tu katika mwongozo huu, fanya hii.

Kipimo bora ni kile ambacho tayari kipo na hakikutengenezwa kwa ajili yako: daftari la mahudhurio, kadi ya kliniki, kitabu cha akiba cha kikoba, daftari la matukio la serikali ya mtaa. Kwa Hamisi nilifungua daftari la darasa na kurudi wiki nne nyuma. Siku alizohudhuria: 3, 3, 2, 3. Ukiishia kwenye jumla, una mtoro sugu. Lakini tazama siku zenyewe. Hakuna Jumatatu hata moja aliyokosa, wala Alhamisi. Alikosa Jumanne na Ijumaa, wiki zote nne, na Jumatano moja katika wiki ya tatu.

Jumanne na Ijumaa ni siku za gulio. Bibi anauza vitumbua, na mgongo wake haubebi tena jiko, ndoo ya unga na benchi. Hamisi anabeba, kisha anabaki kumshika mdogo wake wa miaka miwili mpaka biashara iishe. Ile Jumatano, mdogo alikuwa na homa. Sasa niambie, unasihi ungemfanyia nini? Wiki nne za alama za vema na mkasi zimebadilisha shauri kabla hata sijazungumza na mtoto.

Daftari nalo usiliamini kwa macho yaliyofumbwa. Majina huitwa asubuhi, na watoro wazoefu huitika "nipo" kisha wakatoweka wakati wa uji. Pita siku mbili bila kutoa taarifa, saa sita mchana, uhesabu vichwa. Idadi ikipishana sana na ya daftari, basi unachopima ni ustadi wa kuitika jina. Mwombe mwalimu wa darasa aweke alama ya pili mchana, kwa mtoto huyo mmoja tu. Wengi hukubali.

Pasipo na kumbukumbu, itengeneze pamoja na mwenye shida. Mama asiyejua kusoma, ambaye mtoto wake anakojoa kitandani, anaweza kuweka punje ya mahindi kwenye kopo kila asubuhi anayoamka kitanda kikiwa kimelowa. Jumapili mnahesabu pamoja. Nimeona punje zikifanya kazi ambayo fomu ya kurasa sita ilishindwa.

Pima walau mara tatu kabla ya kuanza. Mara tano ni bora zaidi, maana kipimo kimoja kinaweza kuangukia siku mbaya kuliko zote au nzuri kuliko zote. Hapa pana mpaka mmoja usiovukwa. Mtoto aliye hatarini, anayepigwa au kuingiliwa, hasubirishwi ili upate takwimu. Mtoe hatarini leo, shirikiana na Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, na hali ya mwanzo utaiuliza baadaye kwa kurudi nyuma. Takwimu dhaifu kwa mtoto aliye salama hazina ubaya wowote.

Hatua ya 3: Uliza kwa Kiswahili ambacho watu wanajibu

Madodoso mengi tunayopewa yametafsiriwa na mtu aliyeketi mbali na kibaraza. Maneno ni ya Kiswahili, maswali siyo.

Mfano wa kwanza ni fimbo. Ukimuuliza mlezi "Unampiga mtoto?" atasema hapana, na hakudanganyi. Kwake kupiga ni ugomvi. Fimbo tatu za miguuni ni kumrudi mtoto, na mzazi asiyemrudi mwanawe ndiye anayestahili kuulizwa maswali. Uliza kitendo, usiulize jina la kitendo: "Tangu Jumapili iliyopita, kuna siku umemchapa? Kwa mkono au kwa fimbo? Siku ngapi?" Utashangaa watu wanavyojibu kwa utulivu.

Wa pili ni "mara kwa mara". Kwa mmoja ni kila siku, kwa mwingine ni kila mwisho wa mwezi. Tumia siku saba zilizopita na uzifunge kwenye kitu anachokikumbuka: gulio, swala ya Ijumaa, ibada ya Jumapili, siku ya malipo ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii).

Wa tatu ni huzuni. Watu wetu wachache watakwambia "nina huzuni" nje ya msiba. Watasema "nina mawazo", "moyo mzito", "usingizi haupandi". Wazimbabwe wana neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na daktari Dixon Chibanda na wenzake hawakulidharau. Katika mpango wao wa Benchi la Urafiki, bibi wa mtaani waliopewa mafunzo wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kutatua tatizo moja moja. Kipimo chao kikuu ni dodoso lililojengwa juu ya maneno ya Kishona yenyewe. Jaribio lao katika kliniki 24 za Harare, lililochapishwa mwaka 2016, lilikuwa na watu 573, na baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya ng'ambo haviliandiki kwa sababu halipo kwao. Salamu zetu zina jibu moja. "Hujambo?" "Sijambo." "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Hata nyumba ikiwa imeungua jana, kwanza ni nzuri, ndipo "ila". Ukianza dodoso pale pale baada ya shikamoo na marahaba, maswali matatu ya mwanzo yatajibiwa kama sehemu ya salamu. Weka mbele yasiyo na uzito, idadi ya watu nyumbani na chanzo cha maji. Subiri ile "ila". Ikija, funga dodoso usikilize, uandike baadaye.

Halafu angalia nani amekaa hapo. Mjumbe aliyekusindikiza ni mtu wa heshima, lakini mama hatasema habari za mumewe mbele ya mjumbe, wala mbele ya mama mkwe anayechambua mchele hatua nne kutoka mkekani. Mshukuru mjumbe, mwombe akuonyeshe nyumba inayofuata, urudi peke yako.

Kabla ya kulitumia dodoso kwa kweli, lijaribu kwa watu watano ambao hawamo kwenye kazi yako. Baada ya kila swali, mwombe mtu akueleze kwa maneno yake ameelewa umemuuliza nini. Swali lililoeleweka kwa namna mbili lifute.

Hatua ya 4: Tafuta wengine waliona nini

Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville huko Massachusetts, Marekani, ulianza mpango wa kuwazuia vijana wasiingie kwenye uhalifu. Wavulana 506 waligawanywa wawili wawili wanaofanana, na bahati nasibu ikaamua nani apate huduma. Waliopata walitembelewa nyumbani, walisaidiwa masomo, walipelekwa kambi za likizo na kwa madaktari. Mpango ulifungwa mwaka 1945. Miaka thelathini baada ya mpango, mtafiti Joan McCord aliwatafuta. Theluthi mbili ya waliosaidiwa na kumjibu walisema mpango uliwafaa. Lakini kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo zilisema jingine: walikuwa wamerudia uhalifu, wameonyesha dalili za ulevi na kufa mapema zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa chochote.

Nawasimulia kisa hiki wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kila wanaponiletea barua za shukrani kama uthibitisho. Shukrani ni za kweli. Hazipimi. Bila lile kundi la pili, mpango ule ungesifiwa hadi leo.

Kwa hiyo kabla ya kujaza ile nafasi ya wazi katika swali lako, tafuta. Campbell Collaboration, mtandao wa kimataifa wa watafiti, huchapisha mapitio ya kimfumo, yaani kazi inayokusanya tafiti zote kuhusu jambo moja na kuzipima kwa pamoja, na kuyasoma ni bure. Cochrane inafanya hivyo upande wa afya. Google Scholar itakupa makala moja moja. Makala ikiwa imefungwa kwa malipo, uliza kwenye maktaba ya chuo kilicho karibu kama wamejiunga na mpango wa Research4Life, unaozipa taasisi za nchi kama zetu machapisho bure au kwa bei ndogo. Njia nyingine ni kumwandikia mtafiti barua pepe. Wengi hutuma siku hiyo hiyo, wakifurahi kwamba kuna aliyeisoma.

Makala isome kuanzia katikati. Hitimisho ni mahali mwandishi anapojisifu. Sehemu ya njia, yaani jinsi utafiti ulivyofanywa, ni mahali anapokiri. Tafuta mambo matatu: kulikuwa na kundi la kulinganisha? Walioanza na waliomaliza ni wangapi? Aliyepima matokeo ndiye aliyetoa huduma?

Kisha jiulize kama yatafaa hapa kwetu. Kuna jaribio la tiba ya mazungumzo kwa majeraha ya moyo, yaani kiwewe, kwa watoto yatima 640 katika Bungoma, Kenya, na Moshi, Tanzania, lililochapishwa mwaka 2020. Watoa tiba walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa. Bungoma, mjini na vijijini, nafuu ilionekana na ikadumu hadi mwezi wa 12. Vijijini Moshi, watoto waliobaki kwenye huduma ya kawaida nao walikuwa wamepata nafuu kwa kiwango kinachokaribiana. Tiba ile ile, mafunzo yale yale, mwendo wa siku moja kwa basi kati ya sehemu hizo mbili. Basi mtu asikwambie "imethibitishwa Afrika".

Utafiti ni mguu mmoja wa kigoda. Wa pili ni ujuzi wako wa mahali, wa tatu ni anachokitaka mwenye shida mwenyewe. Bibi yake Hamisi, nilipomuuliza, hakutaka mtaji wala semina. Alitaka mtu wa kumbebea jiko.

Hatua ya 5: Ridhaa, siri na vibali

Eleza kwa maneno mepesi unachoandika, kwa nini, nani atakisoma, na kwamba akikataa huduma haikatwi. Kwa mtoto, mlezi anaridhia na mtoto mwenyewe anaulizwa. Mtoto anayetazama chini na kusema "sawa" bado hajakubali. Usiahidi siri ya moja kwa moja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mtoto anayedhulumiwa atolewe taarifa, na ni vibaya sana kuivunja ahadi uliyoitoa kwenye mkeka wa mtu.

Majina yakae daftari moja, majibu daftari jingine, yakiunganishwa na namba. Picha ya fomu kwenye kundi la WhatsApp la ofisi ni uvunjaji wa siri hata kama kundi lina watu wanne, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kupima kazi yako ya kila siku ili uiboreshe ni sehemu ya kazi. Siku utakapotaka kuchapisha, au kuwahoji watu wasio wateja wako, hapo umeingia kwenye utafiti rasmi. Pata ruhusa ya halmashauri na vibali kabla ya swali la kwanza: COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) kwa kibali cha utafiti, na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kwa maadili pale kazi inapogusa afya.

Hatua ya 6: Fanya, na uandike ulichofanya kweli

Usiandike ulichopanga, andika kilichofanyika. Kwa Hamisi tulikubaliana mambo mawili. Wanakikoba wenzake bibi wanaouza karibu naye gulioni watapokezana kubeba vyombo kwa mkokoteni wao na kumwangalia mdogo. Mwalimu wa darasa atampokea Hamisi hadi saa mbili siku za gulio bila adhabu. Kila wiki niliandika mstari mmoja: mkokoteni ulikuja siku ngapi? Wiki ya pili ulikuja siku moja tu kati ya mbili. Bila mstari huo ningesema mpango haufanyi kazi, kumbe ulikuwa haujafanyika.

Hatua ya 7: Chora, kisha jipinge mwenyewe

Chukua karatasi yenye miraba. Wiki ziende kwa mlalo, siku za mahudhurio kwa wima, na mstari wa wima utenganishe kabla na baada. Kabla: 3, 3, 2, 3. Baada: 3, 4, 5, 4, 4, 5, 4, 5. Macho yanaona bila hesabu ndefu. Wastani umetoka chini kidogo ya siku 3 hadi zaidi ya 4.

Sasa vaa koti la mpinzani. Wiki ya tatu alihudhuria zote tano, lakini mvua ilinyesha na gulio halikukaa. Hiyo siyo kazi yangu, niliizungushia duara. Wiki ya sita na ya nane gulio lilikaa na bado alihudhuria tano. Hizo nazihesabu.

Kuna mtego mkubwa zaidi. Watu hutuletea shauri maji yakiwa shingoni. Mwalimu mkuu aliandika barua katika mwezi mbaya kuliko yote, na mwezi mbaya kuliko yote kwa kawaida hufuatiwa na mwezi wenye nafuu kidogo, uwepo usiwepo. Dawa nyingi hupata sifa kwa sababu hiyo, za hospitali na za mganga. Kinga yake ni kurudi nyuma zaidi. Nilifungua daftari la muhula uliotangulia: siku mbili au tatu kwa wiki, muhula mzima. Haukuwa mwezi mbaya, ndiyo yalikuwa maisha yake.

Hatua ya 8: Ukiwa na kaya nyingi, tumia foleni

Mara nyingi kaya zinazohitaji ni 40 na nafasi ni 20. Kwa kawaida wanaanza wanaojulikana na mtendaji. Badala yake, andika namba kwenye vikaratasi, uvitie kwenye ndoo, na mtoto avute mbele ya mkutano wa mtaa. Ishirini wa kwanza wanaanza sasa, waliobaki wanaanza baada ya miezi mitatu. Wapime wote siku moja, mwanzoni na mwishoni mwa miezi hiyo. Umepata kundi linganishi, na manung'uniko yamepungua kwa sababu kila mtu aliiona ndoo. Ila mwenye hatari ya haraka haingii kwenye ndoo, anahudumiwa kwanza.

Usiipe namba ndogo uzito isiouweza. Mpango wa SASA! wa kupambana na ukatili wa wenza ulijaribiwa Kampala kati ya mwaka 2007 na 2012 kwa utaratibu wa aina hiyo, maeneo manne yakianza na manne yakisubiri. Ukatili wa kimwili kwa wanawake ulikuwa chini kwa asilimia 52 kwenye maeneo yaliyoanza, na watafiti wenyewe walionyesha kwamba kwa maeneo manane tu wigo wa kukosea ni mpana. Kama wao wenye maeneo manane walisema hivyo, wewe mwenye kaya 40 andika "dalili zinaonyesha", usiandike "imethibitika".

Hatua ya 9: Ukurasa mmoja

Swali, hali ya mwanzo, kilichofanyika, mchoro, na maelezo mengine yanayowezekana. Kilichoshindikana kiandikwe kwa kalamu ile ile. Msomee mwenye shida kabla ya bosi; bibi yake Hamisi alinisahihisha kwamba wiki ya tano mkokoteni ulikuja Ijumaa pekee, nami nikafuta. Kisha ibane karatasi hiyo mbele kabisa ya jalada, juu ya barua ya mwalimu mkuu, ili atakayelipokea shauri ukihamishwa akutane nayo kwanza.